Kilwa Yasomwa kwa Kijapani, kwa Kiswahili Haisomwi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu twakuomba ufanye jambo moja. Chukua simu yako, au kama huna, azima ya kijana wako, ufungue mahali UNESCO ilipoeleza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na maelezo yake yamewekwa kwa lugha nyingi. Kiingereza kipo, Kifaransa kipo, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania vipo. Kijapani kipo. Hata Kiholanzi kipo! Sisi tulitafuta Kiswahili, lugha ya mvuvi anayefunga ngalawa yake chini ya ukuta wa Gereza, lugha ya mama anayeanika dagaa karibu na Msikiti Mkuu. Hatukukiona.

Na ni UNESCO hiyo hiyo iliyotangaza, mwezi wa Novemba 2021, kwamba tarehe 7 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo ikifika ngoma hupigwa, mashairi husomwa, wakubwa husimama wakatoa hotuba. Tarehe 8 Kilwa hurudi kusomwa Kiholanzi.

Wako watakaodhani tumeanza habari hii ili tuwatukane wageni. La. Wageni tutawasema panapostahili, lakini mzigo mkubwa katika jambo hili ni wetu wenyewe.

Kwanza mwananchi ajue ni kiasi gani cha mambo ya kale ya nchi yake kimekwisha kuwekwa katika intaneti, maana wengi wetu hudhani mtandao ni wa mpira na umbea tu. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kazi iitwayo Zamani, na jina hilo ni letu, Kiswahili safi. Watu wake walikuja na mitambo ya leza wakayapima majengo ya Kilwa na ya Songo Mnara, na ya Gede na Lamu kwa ndugu zetu wa Kenya, hata leo mtu aliyekaa Toronto aweza kuyatazama katika kioo cha kompyuta kila pembe. Michoro ya miambani ya Kondoa nayo imo. Shirika la Trust for African Rock Art, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996, lilizunguka Afrika likipiga picha michoro ya wazee wetu, kisha British Museum ya London ikaziweka picha zipatazo 25,000 mahali pa kutazamwa bure. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na zasomwa katika maktaba ya British Library bila malipo. Huko Cambridge tangu mwaka 2020 wako watu wanaoitazama nchi yetu na nchi nyingine saba za Afrika kwa picha za setilaiti, wakiandika kila boma la kale, kila kaburi, kila gofu linalotaka kumezwa na shamba au barabara.

Kazi nzuri? Ndiyo, ni nzuri. Mtu akikuokotea kitu chako njiani humpigi kofi. Lakini ni haki kumwuliza amekiweka wapi, na ameandika juu yake jina la nani.

Tazama wenzetu wanavyojifanyia wao wenyewe. Mkulima wa Norfolk, huko Uingereza, akitaka kujua nini kimewahi kuonekana katika kijiji chake, hana haja ya kwenda chuo kikuu wala kuomba barua kwa mkubwa. Huandika jina la kijiji katika kompyuta, mara akaletewa habari zote: hapa palikuwa na kanisa, pale palichimbwa sarafu za Warumi, katika shamba lile mlima ulikutana na vigae. Mikoa yao ina daftari kama hilo. Tangu mwaka 1997 wana mpango wa kuandika vitu ambavyo raia wa kawaida huviokota mashambani, na vitu vilivyoandikwa vimepita milioni moja na nusu. Si wataalamu walioviokota vyote. Ni wakulima, ni watu waliostaafu, ni watoto. Na yote yameandikwa kwa lugha yao wenyewe, tena lugha nyepesi.

Sasa linganisha. Waingereza hao hao walikaa Tanganyika zaidi ya miaka arobaini. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale waliitunga mwaka 1937. Idara ya Mambo ya Kale haikuundwa mpaka mwaka 1957, miaka minne tu kabla hawajafungasha virago. Daftari la kijiji kwa kijiji, kwa lugha ya wanakijiji, hawakutuachia, na wala hatukulitazamia kwao. Mtawala hana faida kumwonyesha mtawaliwa kwamba babu yake alijenga.

Lakini wamekwisha ondoka tangu 1961! Miaka zaidi ya sitini imepita. Twauliza: daftari letu liko wapi?

Tuchukue Kilwa iwe mfano, maana ina mengi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa akausifu mji. Ndiyo zama zile zile Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipojenga Husuni Kubwa juu ya jabali, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na hodhi la pembe nane mbele ya bahari. Wafalme wa Kilwa walikuwa na sarafu yao ya shaba, yenye majina yao. Sarafu moja imeonekana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, kule dhahabu ilikotoka. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja wa Australia katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Zilifikaje huko? Wataalamu wabishana hadi leo. Mtoto wa Australia akitaka kuzisoma habari za sarafu hizo azipata kabla chai haijapoa. Mtoto wa Kilwa Masoko akitaka hayo hayo, sharti kwanza ajue Kiingereza, tena si Kiingereza cha kuulizia njia bali kile cha maprofesa. Asipokijua, jina la mji wake mwenyewe humletea bei za nyumba za wageni.

Si hayo tu. Historia ya wafalme wa Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu na mtu wa Kilwa, yapata miaka mia tano iliyopita. Nakala iliyobaki ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikamfikia John Kirk, balozi wa Uingereza, akaondoka nayo. Mwaka 1895 ilipigwa chapa London katika jarida la wataalamu. Hati yenyewe iko British Library hadi sasa. Basi mwezi wa Oktoba 2023 wezi wa kompyuta waliivamia maktaba hiyo. Mitambo ikazimika, na kwa miezi mingi hati zilizokuwa zikisomwa na dunia nzima hazikuweza kufunguliwa. Mambo ya kale ya mataifa mangapi yalifungwa siku hiyo kwa kufuli moja! Hatuifurahii hasara hiyo, maana mwizi ni mwizi hata akiiba kwa tajiri. Lakini tumejifunza kitu. Walikuwa wakituambia, acheni vitu kwetu, kwetu ni salama, na picha zake mtaziona mtandaoni wakati wowote. Wakati wowote uligeuka kuwa miezi.

Na hapa tuseme wazi jambo ambalo wengine hulisema kwa kunong'ona. Picha si kitu chenyewe. Twaanza kuona desturi mpya katika majumba ya makumbusho ya Ulaya: ukidai mali yako, wakuonyesha kompyuta. Wakwambia, tazama, tumeipiga picha pande zote, yote ni wazi, waweza kuizungusha kwa kidole. Hebu fikiri umeibiwa ng'ombe, ukamfuata mwizi, naye akakupa picha ya ng'ombe, nzuri, yenye rangi.

Watu wa Lindi watatuelewa upesi. Kilima cha Tendaguru kiko katika nchi yao. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji, wakati kusini kote kulikuwa bado kunalia maiti na njaa, Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosauri, zaidi ya tani 200. Nani alichimba? Nani aliibeba kichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi? Ni baba zetu, kwa mamia. Leo mnyama mmoja wa mifupa ile amesimama katika jumba la Museum für Naturkunde, Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13 na zaidi, na watu hukata tiketi kumtazama. Msimamizi mkuu wa wachimbaji Waafrika, mtu aliyeujua mfupa kuliko wengi wa mabwana zake, aliitwa Boheti bin Amrani. Wataalamu walimkumbuka mwaka 2007, walipompa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Twashukuru. Lakini mnyama mkubwa aliyesimama pale ana jina la Branca, mkurugenzi wa Berlin aliyeituma safari ile. Picha za mifupa hiyo ziwekwe mtandaoni, vizuri, tena ziongezwe, mtoto wa Lindi naye azione. Ila asije mtu akaziandika katika hesabu kuwa ni malipo.

Tumesema mzigo mkubwa ni wetu. Haya, tuutue.

Nchi hii ina wataalamu wake wa mambo ya kale, waliosoma na kusomesha katika vyuo vyetu. Wanachimba kwa jua na mvua, na fedha ni haba. Lakini wakimaliza kuchimba, huandika wapi? Huandika katika majarida ya ng'ambo, kwa Kiingereza, na mengi ya majarida hayo yana mlango wa kulipia. Jarida kongwe la mambo ya kale ya sehemu zetu, liitwalo Azania, lilianzishwa na Waingereza wa Nairobi mwaka 1966, na leo lachapishwa na kampuni ya Uingereza. Mwanakijiji aliyeshika jembe katika uchimbaji, aliyempikia mtaalamu ugali, aliyemwonyesha gofu lilipo, hawezi kulisoma. Tukiwauliza wataalamu watasema: cheo chetu chapimwa kwa majarida hayo, makala ya Kiswahili haihesabiwi. Kama ndivyo, basi ubaya uko katika kipimo, na kipimo hicho hakikuwekwa na Gavana. Sisi ndio tunaokishika.

Wala usiseme haiwezekani, kwa sababu imekwisha wezekana. Laetoli, kule Ngorongoro, kwenye zile nyayo za viumbe waliotembea juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, Profesa Fidelis Masao na wenzake wa Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Italia walipata nyayo mpya, zilizoonekana walipokuwa wakipima ardhi kwa ajili ya jumba la makumbusho. Habari ilitolewa Desemba 2016 katika jarida la eLife, ambalo halimtozi msomaji hata senti. Maneno, picha, vipimo vya nyayo, yote wazi. Kwa hiyo mlango waweza kufunguliwa. Kilichokosekana hata hapo ni kurasa mbili za Kiswahili juu yake, na hizo wala hazihitaji mfadhili, zahitaji jioni moja. Vijana wanaojitolea wamekuwa wakiandika Wikipedia ya Kiswahili tangu mwaka 2003, bila mshahara na bila semina, na makala zao ni makumi ya maelfu. Wao waliweza kwa nini?

Tunajua majibu yatakayokuja. Bwana mmoja atasema: watu wanataka maji na dawa, nyinyi mwawaletea mawe. Bwana huyo mara nyingi maji pia hajayaleta. Lakini tumjibu kwa heshima. Kilwa ilitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa mwaka 2014 baada ya kuta kutengenezwa na ufukwe kukingwa. Kazi hiyo ilifanywa na mikono ya watu wa pale, nao wakalipwa. Na barabara, je? Na bomba la maji lenyewe? Mkandarasi afikapo wilayani kuchimba mtaro hutaka kujua chini pana nini. Pasipo daftari, tingatinga ndilo hugundua, na likisha kugundua hakuna kilichobaki cha kuandikwa.

Mwingine, na huyu ana akili zaidi, atasema: mkiandika kila mahali pa kale katika intaneti mtawaita wezi. Hofu hiyo ni ya kweli, hatuipuuzi. Nani katika nchi hii hajasikia habari za mali ya Mjerumani? Watu wenye sururu na ramani za kughushi wamechimbua maboma na makaburi usiku kutafuta rupia. Na tazama makaburi ya nguzo ya Kunduchi: wazee walipachika mabakuli ya Kichina katika nguzo zile, leo mahali pengi pamebaki tundu tupu. Lakini mabakuli yale yalianza kung'olewa zamani, intaneti haijazaliwa. Mwizi hakungoja tovuti. Aliyekosa habari ni mwenye mali. Tena dawa ipo na si siri: hao Waingereza katika daftari lao huonyesha kitu na kijiji, lakini mahali hasa pa kuchimbika huweza kupaficha, pakajulikana na ofisi tu. Twaweza kufanya hivyo. Makaburi na mizimu, wenyewe waulizwe kwanza kama wataka yaandikwe au la, na neno lao lifuatwe.

Wa mwisho atasema fedha. Hapa hatuna subira. Ipo programu iitwayo Arches, iliyotengenezwa na taasisi ya Getty ya Marekani pamoja na World Monuments Fund kwa kazi hii hii ya daftari la mambo ya kale, na hutolewa bure kwa serikali yoyote. Kila wilaya ina afisa utamaduni. Kila kata ina walimu, na walimu wana simu zenye kamera zijuazo kutaja mahali zilipo. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kitakachogharimu ni mtambo wa kuhifadhia na mishahara ya watu wachache wa kuhakikisha yaliyoandikwa si uzushi. Semina ngapi za siku tatu hotelini zingetosha kulipa hayo?

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Daftari la mambo ya kale la taifa liwekwe mtandaoni, kwa Kiswahili, bila malipo, lipekuliwe kwa jina la kijiji. Liwe katika mitambo iliyo hapa nchini, na nakala yake itunzwe mahali pengine pia, tusije tukafungwa kwa kufuli moja kama wale. Mgeni yeyote apewaye kibali cha kuchimba, kupima au kupiga picha, kibali chake kiseme kwamba ataacha nakala ya kila alichokusanya, na muhtasari wa Kiswahili ambao mwalimu wa darasa la sita aweza kuusoma mbele ya watoto. Asiyetaka asipewe kibali. Waliokwisha kuchukua zamani, Cape Town, London, Cambridge, Berlin, waandikiwe barua na serikali wadaiwe nakala kamili za yaliyohusu ardhi hii. Wengi wao watakubali upesi, nasi twaamini wengine wanashangaa mbona hatujaomba. Na UNESCO iulizwe kwa maandishi: Kiswahili kina Siku yake, ukurasa wake wa Kilwa utakuja lini?

Wasomaji wetu wa Kilwa, Lindi, Pangani, Bagamoyo na Kondoa wasikae wakingoja. Kaole mnayo, Tongoni mnayo, Kolo mnayo. Wazee wajuao majina ya visima, misikiti iliyoanguka, mapango na njia za misafara wangali hai, lakini si wengi, na hawangoji bajeti. Nendeni kwao na daftari la mkono. Andikeni jina la mahali kama wanavyolitamka wao, na nani alilisema, na siku gani. Nakala moja ipelekeni kwa afisa utamaduni wa wilaya mkamwombe aitie sahihi kuwa ameipokea. Ya pili ibaki shuleni.